Lango la Ndiva Lililokuwa na Kinyongo

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, mashine ya kuchomelea vyuma ikiwa imeshapandishwa mlimani kwa mabega ya watu, kulikuwa na kijiji kiitwacho Ikombeni katika milima ya Upare. Sogeeni mnisikie vizuri, maana mwisho nitawauliza, na atakayesinzia hatakuwa na la kujibu.

Ikombeni ilikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa la kuchimbwa kwa mikono. Usiku kijito kinalijaza, asubuhi linafunguliwa, na maji yanateremka kwenye mfereji kwenda mashambani kwa zamu. Mwenye zamu ya kwanza hupata maji yenye nguvu, yanayokimbia kama ndama aliyefunguliwa kamba. Mwenye zamu ya mwisho hupata tope na vyura. Zamu ya kwanza ilikuwa ya ukoo wa Mzee Kajiru, msimamizi wa ndiva, tangu babu zake walipochimba shimo lile.

Mwaka huo mvua zilikataa. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, yanataka kubeba, na lango la mbao la ndiva likaoza. Maji yaliyoingia usiku yalivuja usiku huohuo. Asubuhi mfereji ulikuwa mkavu.

Mzee Kajiru akapuliza pembe. Watu wakaja kwenye msaragambo, yaani ile kazi ya pamoja ambayo mtu haikosi ila awe mgonjwa au maiti. Wakakubaliana lango jipya liwe la chuma. Wakaleta vyuma vya lori lililokufa barabarani, wakaleta na mabamba ya tangi kuukuu. Mzee akasimama juu ya ukingo wa ndiva akasema mbele ya wote:

"Atakayetupatia lango linalosimama, ndiva ijae nyuma yake na baridi ya alfajiri ilipige, lisipasuke, huyo nampa zamu yangu ya kwanza. Yeye na watoto wake na wajukuu wake. Mimi nitahamia mwisho, nikagawane maji na vyura."

Watu wakashangilia. Zamu ya kwanza haikuwahi kutoka katika ukoo ule. Kila mwenye shamba bondeni aliona mahindi yake yamesimama wima kichwani mwake.

Na katika watu wa bondeni, watu wa tope na vyura, watatu ndio wenye hadithi hii.

Wa kwanza ni Sangiwa, mchomeleaji pekee wa mlima mzima. Alikuwa kijana anayejenga nyumba yake ya kwanza. Akakata vyuma, akavipanga, akachomelea kutwa nzima bila kupumzika, maana alitaka lango lipande siku hiyohiyo. Mshono wake ulikuwa mzuri, umelala kama magamba ya samaki. Hata wasiopenda kusifu walisifu.

Sasa, desturi ya Ikombeni ni hii: kitu kipya cha ndiva hubarikiwa kikiwa bado na joto la moto uliokizaa. Kwa hiyo Mzee Kajiru akachota maji ya ndiva kwa kibuyu, akalimwagia lango. Tsss! Mvuke ukapanda, wanawake wakapiga vigelegele. Wakalibeba, wakalipachika, wakaenda kulala na matumaini.

Alfajiri, baridi ikiwa imeshika mlima, ukasikika mlio. Kaa! Kama bunduki. Watu wakatoka mbio. Ndiva ilikuwa haijafika hata nusu, hakuna aliyeligusa lango, hakuna jiwe lililolipiga. Lakini mshono ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini.

Mfereji ukabaki mkavu.

Shemeji zake Sangiwa hawakumwacha. Mmoja alimuuliza kama mashine yake inatoa moto au inapiga picha. Mwingine akataka kujua kama alichomelea kwa uji wa makande. Sangiwa akalishusha lango, akasaga ufa, akachomelea upya. Safari hii akajaza mshono mara mbili, akaongeza na vipande vya kukazia kila upande. Lango likawa zito, wabebaji wakaongezwa. Mzee akalimwagia maji ya baraka likiwa bado na joto. Tsss! Vigelegele. Wakalibeba, wakalipachika.

Alfajiri ya kwanza, kimya. Watu wakaanza kutabasamu. Ndiva ikajaa mpaka ukingoni, maji yakang'aa. Mwenye jembe akashika jembe, akaenda kuzibua mfereji wake. Alfajiri iliyofuata, kaa! Mlio mkubwa kuliko ule wa kwanza. Ufa ulikuwa umepita kando ya mshono, na safari hii ndiva ilikuwa imejaa. Maji yote yakateremka kwa mkupuo, bila zamu, bila mwenyewe, yakabomoa kingo za mfereji, yakaenda kulala porini.

Watu wakatazama maji yao yakienda. Kuna waliolia. Mahindi yakaanza kukunja majani.

Hapo ndipo anapoingia wa pili. Huyu ni Mama Namvua, mfinyanzi wa vyungu, mwanamke mwenye sauti ya kuvuka bonde. Kwa desturi ya Ikombeni mfinyanzi hakanyagi ukingo wa ndiva, wanaogopa udongo wake usije ukauziba mfereji. Basi akasimama njiani, mbali, akampigia Sangiwa kelele kutoka hukohuko.

"Baba, hilo lango lina kinyongo. Litoe kinyongo kwanza ndipo ulipandishe."

Sangiwa alikuwa amekaa chini, ameshika kichwa. Akamjibu kwamba chuma hakina moyo, kinyongo kitakaa wapi.

"Kitakaa palepale pa mshono. Nisikilize. Ulipochomelea, ulipasha moto mahali pamoja. Pale pakaiva, pakatanuka. Kando pakabaki baridi. Moto ulipoondoka, pale palipoiva pakataka kujikunja, na kando pakakataa kusogea. Basi tangu hapo wanashikana mashati humo ndani. Wewe unaona lango limenyamaza, kumbe linavutana. Ukiongeza mshono, unaongeza wagombanaji. Na mzee wako anakuja na maji baridi, anawachochea. Chungu changu nikikitoa motoni nikakimwagia maji, nitabaki na vigae."

"Kwa hiyo nifanye nini, Mama?"

"Lipashe lote. Lote, unasikia? Polepole, sawasawa, mpaka liwe jekundu la damu ya mzee, wekundu ule unaouona kivulini na ukitoka juani hauuoni. Chuma kikifika hapo kinalegea, na wanaovutana wanaachiana mashati. Lisipofika hapo, hawaachiani. Likipita hapo, litalegea mno, lango litapinda liwe chapati. Halafu ulifunike majivu lipoe lenyewe, kama mgonjwa anayetokwa jasho. Mpaka uweke kiganja usisikie tofauti na jiwe la kando."

Watu waliokuwepo wakatazamana. Mtu mmoja akamuuliza Mama Namvua alijua jambo hili tangu lini. Akasema tangu ule mlio wa kwanza. Mbona hakusema, maji ya watu wote yakapotea?

"Mlinikataza kukanyaga huko," akasema. "Nikadhani mmeukataza na mdomo wangu."

Wengine walimkasirikia kabisa, wengine wakatazama miguu yao.

Sangiwa akainuka kama mtu aliyemwagiwa maji yeye mwenyewe. Akasaga ufa, akachomelea kwa mara ya tatu, safari hii kidogokidogo, huku na huku, bila pupa. Akachimba shimo pana karibu na ndiva. Akaweka mkaa chini, akalaza lango, akaweka mkaa juu na pembeni. Akajenga kibanda cha mabati juu ya shimo ili apate kivuli cha kuonea ile rangi. Akawasha moto.

Jamani, kazi ile! Upande wa kulia ukiiva haraka, Sangiwa anapunguza mkaa kwa koleo refu. Wa kushoto ukichelewa, anaongeza. Yuko humo ndani ya mabati, jasho linamwaga, macho yamekuwa mekundu kuliko chuma. Watu nje wanauliza, "Imefika?" Anajibu, "Bado." Wanauliza tena, "Imefika?" Anajibu, "Bado." Na mkaa ukaisha.

Mkaa ukaisha kabla ya damu ya mzee. Lango lote lilikuwa na joto, lakini jeusi bado. Likipoa hapo, kazi bure. Na kwenye mlima uliokauka vile hapakuwa na mkaa mwingine wa kupatikana kwa haraka.

Sangiwa akatoka kibandani, akakimbia kwenda kwenye nyumba yake. Alikuwa na miti ya paa, migumu, mikavu, aliyoinunua mmojammoja na kuihifadhi kwa muda mrefu. Akawaambia watu wambebee. Mama yake mzazi akamshika mkono akamuuliza atalala wapi mvua ikija. Sangiwa akasema mvua ikija yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kufurahi. Akaichanja miti yote. Akaiingiza motoni.

"Imefika?"

Kimya.

"Fundi, imefika?"

"Imefika," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeona mtoto akizaliwa. "Yote. Kona zote. Damu ya mzee."

Akaishikilia rangi ile, haipandi, haishuki, mpaka miti ikaisha. Pembe ikapulizwa, na kila jiko la Ikombeni likatoa majivu. Wakaja na ndoo, na sufuria, na kanga zilizofungwa pembe. Wakalifunika lango mpaka shimo likawa kichuguu. Kisha Sangiwa akaanguka, macho yamevimba, haoni njia. Wakambeba kumpeleka kwao.

Sasa nani angekaa kulinda? Desturi nayo ilikuwa na jibu: kazi ya kukaa ni ya mwenye zamu ya mwisho. Na mwenye zamu ya mwisho kuliko wote wa mwisho alikuwa Nakiete.

Huyo ndiye wa tatu. Msichana aliyekuwa akilima shamba la marehemu mama yake na kulea wadogo zake wawili. Walipomwambia kaa, akakaa. Mama Namvua akamwambia kutoka njiani neno moja tu, kwamba majivu yasiguswe na mtu mpaka kiganja kiseme.

Akakaa. Na siku zote hizo alizokaa, wenzake walikuwa wakishuka chemchemi ya mbali na ndoo kichwani, wakimwagia mahindi yao shina kwa shina ili yasife kabla ya lango kupona. Shamba la Nakiete halikuwa na mtu wa kulimwagia. Alikuwa analiona kutoka pale alipokaa. Aliliona linavyogeuka kutoka kijani kuwa manjano, na kutoka manjano kuwa rangi ya mkeka. Hakuinuka.

Watu wakaanza kuchoka. Mmoja akagusa majivu ya juu akasema yamepoa. Mwingine akasema wamelingoja lango kama wanavyomngoja bibi harusi, litoke sasa. Nakiete akachomeka kijiti ndani ya majivu, akakichomoa, akawapa washike ncha yake. Walioishika waliiachia upesi. Wakaondoka wakinung'unika. Wakarudi wengi zaidi.

Siku moja adhuhuri, jua likichoma, wakaja wote, na mbele yao Mzee Kajiru na kibuyu chake. Mzee hakuwa mtu mbaya, mjue hivyo. Alikuwa anaona mahindi ya kijiji kizima yanakufa, na alikuwa anaamini desturi. Akasema lango litolewe, libarikiwe likiwa na joto kama ilivyo haki yake, lipande leo.

Nakiete akapiga magoti akamwambia, "Babu, shikamoo. Nakuomba. Likimwagiwa maji sasa, wanaovutana watashikana upya. Litapasuka tena."

"Mjukuu wangu, lango lisilobarikiwa litashika maji ya nani?"

"Libariki likishapoa, babu."

"Desturi inasema likiwa na joto."

"Na joto ndilo linalotuua."

Watu wakaguna. Vijana wawili wakaanza kuyachota majivu kwa koleo. Mzee akainua kibuyu. Nakiete akawatazama vijana, akalitazama shimo, akakitazama kibuyu. Msichana mmoja dhidi ya kijiji kizima angefanya nini?

Akaruka. Akakinyakua kibuyu mkononi mwa mzee, akakiweka mdomoni, akanywa. Akanywa gluku, gluku, gluku, maji yakimtiririka shingoni, hakuacha hata tone. Kisha akakigeuza kibuyu juu chini ili wote waone. Akamrudishia mzee kwa mikono miwili, kwa adabu, akaketi tena juu ya majivu.

Watu wakashika vichwa. Mnajua kwa nini? Kwa sababu sheria ya ndiva ni moja tu ambayo hata mtoto wa kubebwa mgongoni anaijua: anayechukua maji ya ndiva nje ya zamu yake, msimu huo hana zamu. Na yale maji ya kibuyu yalikuwa ya mwisho, na bila baraka lango halipandi. Ndiva yenyewe ilikuwa kavu, na kijito, ambacho hupata nguvu usiku tu, mchana huo kilikuwa kinadondoka kama pua. Mpaka kibuyu kingine kijae, lango lingekuwa limepoa.

Mzee Kajiru akakaa chini. Akasema taratibu kwamba sheria ipo na haiendi popote. Kwanza waone lango.

Wakangoja. Kiganja kikasema. Majivu yakaondolewa, lango likatoka jeusi, limenyooka, halijapinda hata kidole. Mzee akalimwagia maji likiwa baridi kama jiwe. Hakukuwa na mvuke, na vigelegele vilikuwa vya kusitasita. Wakalibeba, wakalipachika.

Alfajiri hiyo hakuna aliyelala kitandani. Kijiji chote kilikuwa ukingoni, kimejifunika mablanketi, kinasikiliza. Baridi ikashika. Kimya. Baridi ikakaza mpaka meno yakagongana. Kimya. Ndiva ikajaa nusu, kimya. Baridi nyingine ikaja ikapita, ndiva ikajaa mpaka ukingoni, maji yakaliegemea lango kwa uzito wote, na lango likasimama. Kile kimya, jamani! Watu walicheza ngoma ya kile kimya.

Ndipo wakakumbuka ahadi. Mzee Kajiru akawaita wale watatu. Mama Namvua akaitwa asimame ukingoni, mara ya kwanza katika maisha yake, na alikanyaga kwa kujipima kama mtu anayevuka mto.

Yeye ndiye aliyeanza. "Sangiwa anajua kuunganisha, na Nakiete anajua kukaa. Bila mdomo wangu, huyu angeunganisha na yule angekaa, na lango lingekuwa linapasuka mpaka leo. Mwenye kuujua ugonjwa ndiye mganga. Zamu ni yangu."

Sauti ikatoka nyuma: "Mganga aliyengoja mgonjwa afe mara mbili!" Watu wakacheka, lakini Mama Namvua hakucheka. Akasema, "Ndiyo, nilinyamaza. Waulizeni waliokuwa hawanipi nafasi ya kusema."

Sangiwa akasema, "Maneno hayapashi chuma moto. Mama alisema damu ya mzee, lakini ni macho ya nani yaliyoingia humo ndani kuitafuta? Mpaka sasa jicho hili moja linaona ukungu. Nyumba yangu haina paa, paa lake ni moshi mliouona. Na mshono uliosimama pale ni mkono wa nani? Zamu ni yangu."

Shemeji yake akamkumbusha kwamba mishono miwili iliyopasuka nayo ilikuwa ya mkono uleule. Sangiwa akasema anajua, na ndiyo maana alitoa paa.

Nakiete akasogea mbele. "Moto ulikuwa umezimika," akasema. "Mama alikuwa njiani, kaka Sangiwa alikuwa amelala. Mlikuja wote, na kazi yao yote ilikuwa inakaribia kuharibika kwa kibuyu kimoja. Sikunywa kwa kiu. Shamba la mama yangu limekauka kwa sababu nilikaa pale mliponiambia nikae. Ninyi mahindi yenu bado yana shina. Mimi nikipata maji leo, nitapanda upya kabla msimu haujaisha. Nikikosa, wadogo zangu watakula nini? Zamu ni yangu."

Mwanamke mmoja akasema sheria ni sheria, msichana alikunywa nje ya zamu, ashukuru akiachiwa hata tope. Mume wake palepale akambishia: maji ya baraka yana zamu gani? Ubishi ukawaka. Waliokuwa wakinong'ona wakapaza sauti. Mtu akathubutu kumuuliza Mzee Kajiru mwenyewe kama yeye si ndiye aliyekuwa akilichochea lango kwa maji baridi. Mzee akakubali kwa kichwa, akasema ndiyo maana anayetoa zamu ni yeye. Kuhusu kuigawanya akakataa: zamu ya kwanza ikigawanywa, maji hayafiki bondeni, yanaishia njiani, na hakuna atakayevuna.

Sasa jua limechomoza. Ndiva imejaa. Mzee Kajiru ameshika mpini wa lango, na kule chini mfereji unagawanyika njia tatu: moja kwa yule aliyejua akanyamaza, kisha akasema, moja kwa yule aliyepasukiwa na lango mara mbili, kisha akateketeza paa lake, na moja kwa yule aliyelinda kwa kukosa adabu na kuvunja sheria. Maji yatakwenda njia moja tu, leo na kwa vizazi vyote.

Mzee amegeuka, anawatazama ninyi. Je, aufungulie mfereji wa nani?